Zote Mbili Zikipanda

Bwenini, Jumapili, 9 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Kitanda changu ni cha juu, na simu yangu imefungiwa kwenye kabati la matroni pamoja na za wenzangu, kwa hiyo usipige, hakuna atakayepokea. Mpaka shule ifungwe ni barua tu.

Nianze na aibu yangu. Mwalimu wa fizikia alituuliza mmoja mmoja wazazi wetu wanafanya kazi gani. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafungua mdomo, nikaufunga. Unanijua. Darasani tunasoma kwa lugha ya vitabu, na kwa lugha hiyo maneno ninayo, kwa Kiswahili pia ninayo, lakini nikitazamwa yanakimbia yote, ya huku na ya huko. Binti wa kitanda cha chini, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akanijibia: "Mama yake anafundisha ndege kuogopana!" Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Basi siku moja mwenyewe atatueleza zinaogopanaje."

Naomba unieleze kwa maneno ya nyumbani. Kuyabeba mpaka darasani nitajua mwenyewe.

Baba ndiye aliyenileta. Hakuwasha hata taarifa ya habari garini. Nilimuuliza kama kesho yake ana zamu, akasema wamembadilishia ratiba. Tulipoagana alinishika kichwa kama vile bado niko chekechea.

Wako,
Chiriku (jina mlilonipa kwa kejeli, nalo limenifuata mpaka huku)


Karakana, 17 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwambie Redio hakukosea sana, ila ndege haziogopani, zinapishana.

Iko hivi. Ndege kubwa zina kisanduku kinachosikiliza ndege nyingine zilizo karibu. Kikiona mbili zinaelekeana, kinamwambia rubani kwa sauti: panda, au shuka. Rubani anashika usukani, anafanya alivyoambiwa. Kazi yetu hapa ni kukiunganisha kisanduku na usukani wenyewe, ili ndege ikwepe bila kumngoja mtu ashtuke, kisha aamini, kisha anyooshe mkono. Kuna ndege kubwa zinazofanya hivyo tayari. Sisi tunashughulikia ndogo.

Kuifanya ndege ipande au ishuke si shida. Shida ni kuhakikisha hazichagui upande mmoja. Umewahi kukutana na mtu kwenye korido, ukasogea kumpisha, naye akasogea palepale kukupisha, mkacheka, mkahama wote wawili, mkagongana tena? Watu wawili wenye adabu wanaweza kukaa hapo mpaka chai ipoe. Mwaka jana ndege zetu mbili za majaribio, zile zisizo na rubani, zilifanya hivyohivyo angani. Zote mbili zilipanda. Tulikwenda kuokota vipande kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba akatuuliza kama watu wazima wenzake tunalipwa kwa mchezo huo.

Kwa hiyo tumezifanya zisemezane. Moja ikiwahi kusema "napanda," nyingine inachukua kilichobaki, inashuka. Zikisema kwa pamoja, ile yenye namba kubwa ya usajili ndiyo inayobadili. Namba si cheo. Ni kwamba lazima ijulikane mapema nani atabadili, la sivyo zitabadili zote.

Sasa lingine, na hili liwe letu wawili. Nimemwambia bosi wangu kwamba mkataba ukiisha mwezi wa sita siendelei. Narudi nyumbani. Miaka mitatu ya kuonana likizo kwa likizo imetosha. Chuo cha ufundi cha hapo kwetu kinatafuta mwalimu, sitakosa pa kujishikiza. Baba yako usimwambie. Akijua ataanza kunibembeleza nisiache kazi kwa ajili yake, nawe unamjua akianza. Yeye hawezi kuishi nje ya mnara wake wa kuongozea ndege. Mimi nje ya karakana nitaishi. Nataka anione tu mlangoni na masanduku yangu.

Jumapili tukipigiana simu tunaongea habari zako na za mvua. Nitavumilia hivyo mpaka Juni.

Mama yako


Nyumbani, 19 Februari

Chiriku,

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jana nilipika kwa mazoea chakula cha watu wawili, nikakila chote, kisha nikakaa kujilaumu kwa niaba ya wote wawili.

Nina habari, na nakuomba uifiche kama unavyoficha kila kitu chako. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mwisho wa Aprili natoka mnarani na kumfuata mama yako. Yeye asijue. Amefika pazuri, watu wanamsikiliza, na akisikia naja ataona yeye ndiye anayepaswa kurudi. Unajua anavyopenda kupisha watu. Nitatokea tu kwake na begi begani. Kazi sitakosa huko. Hata basi la shule nitaendesha, mradi watoto wasiwe wengi.

Nyumba tutampangisha jirani, yule wa kuku. Ameshaanza kupima madirisha kwa macho.

Nimechoka na mnara, mwanangu. Ndiyo hivyo tu. Soma.

Baba


Bwenini, 28 Februari

Baba,

Shikamoo. Siri yako iko salama. Hata ningetaka kuitoa, nani huku anangoja nimalize sentensi?

Lakini ile "ndiyo hivyo tu" sikuiamini. Wewe ndiye uliyesema kazini utatolewa kwa machela. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba mnara ni jina la heshima tu, kwamba kazi yako wewe mwongoza ndege ni chumba cha chini kisicho na dirisha, mbele ya skrini, na ukakisifia chumba hicho kuliko sebule yetu. Likizo iliyopita mlibishana na Mama mezani mpaka chakula kikapoa. Yeye akasema mashine inakwepa upesi kuliko mtu. Wewe ukasema, "Mama Chiriku, mashine yako haijui rubani akiogopa sauti yake inakuwaje. Mimi naijua." Na ukaongeza chumvi kwenye sahani kama mtu aliyeshinda kesi. Mtu wa namna hiyo hachoki ghafla.

Na garini ulisema wamekubadilishia ratiba. Baba, zamu unayo kweli?

Unisamehe kama nimevuka mpaka. Kwenye karatasi huwa navuka. Uso kwa uso ningekuuliza kama umekula.

Chiriku


Nyumbani, 8 Machi

Chiriku,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Zamu sina. Tangu Januari nimewekwa pembeni.

Ndege mbili zilikuwa kwenye eneo langu. Moja ilikuwa imetulia kwenye kimo chake, inapita. Ya pili, iliyokuwa chini yake, ikaomba kupanda. Nikairuhusu, kwa sababu kichwani mwangu ile ya juu ilikuwa imeshapita. Haikuwa imepita. Ilikuwa hapo kwenye skrini mbele ya pua yangu. Niliitazama nisiione.

Visanduku vyao vikaamka kabla yangu. Rubani wa ile ya juu akasema kwenye redio kwamba anafuata mashine, anapanda. Kanuni inasema hapo mimi ninyamaze. Nimewafundisha vijana kanuni hiyo mpaka wakaanza kuniigiza nyuma ya mgongo. Sikunyamaza. Nilikuwa nimeshashtuka, maikrofoni iko mkononi, nikamwambia, "Shuka! Shuka sasa hivi!" Na chini yake ndiko ilikokuwa ile nyingine, nayo inashuka kama ilivyoambiwa na kisanduku chake.

Ndege yake ilikuwa ya zile mpya, ambazo mashine inashika usukani yenyewe. Ilikuwa imeshaanza kupanda kabla sijamaliza neno. Rubani akanijibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Mnara, ndege inapanda." Zikapishana. Nadhani abiria walilalamika kahawa imemwagika.

Mwezi wa Mei kuna kikao cha uchunguzi. Nikiondoka kabla yake, kikao hakuna, faili linafungwa, na mama yako hatasikia. Miaka yote nimemwambia mezani kwamba sauti ya mtu inaishinda mashine. Sasa sauti yangu ndiyo ingewaua wale watu, na kazi za kina mama yako ndizo zilizonistiri. Nitamtazama vipi?

Usimwambie. Hili nimekuambia kwa sababu umeuliza, na tangu Januari hakuna mwingine aliyeuliza.

Baba


Bwenini, 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilieleza darasani! Nilimsimamisha Redio mlangoni, tukapishana vibaya kwa makusudi mpaka watu wakashika mbavu, kisha nikasema ile habari ya namba kubwa na kukimbilia kiti changu. Mwalimu alisema kitabu hakijaeleza hivyo. Uso wangu ulibaki wa moto mpaka kipindi cha jiografia.

Mwalimu ana swali. Hapana, nisikudanganye, swali ni langu. Tuseme ndege mbili zinaelekeana na hazisikilizani. Kila moja imeshaamua kuipisha nyingine. Na kuna mtu wa tatu, yuko chini, anaziona zote mbili, na kila moja imemwomba asiseme. Afanyeje?

Unakula lakini?

Chiriku


Karakana, 25 Machi

Chiriku wangu,

Nakula. Nanenepa, hata.

Swali lako lina jibu fupi. Wa tatu ni mwongoza ndege, kama baba yako, na ndege zikishaanza kukwepana kanuni yake ni kunyamaza. Picha anayoiona kwenye skrini imeshapitwa kidogo na ukweli. Akitia neno, linafika limechelewa na linavuruga. Anangoja zimalize, kisha anaendelea na kazi. Ni kanuni ngumu kwa mtu mwenye moyo. Baba yako anaijua kuliko mimi, muulize yeye akueleze.

Ila ndege zisizosikilizana na zenye siri sijawahi kuziunda. Kuna nini, mwanangu?

Hapa majaribio yanakwenda vizuri. Mwenye shamba amerudi kuangalia, safari hii na kiti chake.

Mama


Bwenini, 2 Aprili

Baba na Mama,

Shikamoo nyote wawili. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, na bahasha zote mbili nazipeleka posta leo. Anayeisoma ajue mwenzake naye anaisoma.

Mama amemwambia bosi wake kwamba haendelei, na Juni anarudi nyumbani. Baba ameandika barua ya kuacha kazi, na mwisho wa mwezi huu anahamia kwa Mama. Kila mmoja aliniambia nisimwambie mwenzake. Mtakuwa mmeacha kazi wote wawili, na nyumba atakuwa nayo jirani wa kuku.

Mama, ulisema wa tatu anyamaze. Nimeifikiria sana kanuni hiyo, nikaona ni ya ndege zinazosemezana. Ninyi mnasemezana habari za mvua.

Nina la kuungama. Siri zenu nilikaa nazo zaidi ya mwezi kwa sababu nilizifurahia. Huku hakuna anayenipa siri, maana siri hupewa mtu unayeongea naye. Kwa barua zenu nilijiona mtu mkubwa aliyeketi katikati, anayejua asichojua mtu mwingine, na nilikuwa nazirudia kama mtu anayenyonya peremende hataki iishe. Mkinisamehe, nisameheni hilo kwanza, ndipo mnisamehe kusema.

Chiriku, ambaye leo amelifanyia haki jina lake


Nyumbani, 11 Aprili

Chiriku,

Sijakasirika. Hata shukrani ninayo, kwa vile lile lingine hukuligusa.

Siku nilipopata barua yako nilikwenda mbio kuichukua ile barua yangu ya kuacha kazi. Kama mama yako anarudi, lazima akute mtu na nyumba. Jirani nikamwambia atafute madirisha mengine. Nikasafisha kabati upande wake, nikatoa redio mbovu na viatu vyangu vya enzi za ujana ambavyo wewe huviita mitumbwi.

Jumapili nikampigia kwa furaha. "Karibu nyumbani, kabati lako tayari." Akasema: "Kabati gani? Mimi ndiye niliyekununulia kabati huku." Kumbe naye alikuwa ameshamwambia bosi wake anaendelea, kwa kuwa mimi nakwenda!

Tukaanza kuulizana nani alibadili kwanza, kama watoto wanaogombea kiti cha mbele. Mwisho akasema, "Kwa hiyo kumbe mnara umekushinda kuuacha." Nikamwambia, "Na wewe karakana je?" Akakata simu.

Kikao sasa hakikwepeki. Na mama yako anaamini nimeupenda mnara kuliko yeye. Hebu muulize, polepole, amekasirika kiasi gani.

Baba


Karakana, 12 Aprili

Chiriku wangu,

Najua baba yako ameshakuandikia kuhusu makabati, kwa hiyo sitarudia. Kabati lenyewe halipiti hata mlangoni, limekaa kwenye korido, majirani wanalizunguka.

Niambie wewe. Kwa nini alitaka kuacha kazi, na kwa nini ameacha kuacha? Mtu anayependa kazi yake kama yeye haandiki barua ile bila sababu, halafu akaifuta kwa siku moja bila sababu. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mahali pa Baba uliandika kwa haraka mno, kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Kuna kitu unakijua. Mimi ni mama yako, niambie.

Mama


Bwenini, 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sitamuuliza Mama. Wala sitakuambia yeye ameniuliza nini.

Kosa langu nimeliona. Niliwaambia wote wawili kwa wakati mmoja, bila mmoja wenu kujua kwamba yeye ndiye wa kutulia. Na Mama alikuwa ameshanieleza, nami nikalieleza mbele ya darasa zima na watu wakacheka: wakibadili wote, wanagongana upya. Jibu nilikuwa nalo chini ya mto, nikafanya kinyume chake. Niliogopa kwa ajili yenu, na kalamu ilikuwa mkononi. Nimekuelewa kidogo, Baba. Kidogo tu, kwa sababu mimi nilihatarisha makabati.

Kwa hiyo na mimi najiuzulu. Kuanzia leo sipokei siri ya mtu yeyote wa nyumba yetu na sipeleki ujumbe. Lile la Januari sijamwambia Mama na sitamwambia. Si langu. Ukimwambia, atakasirika, sikufichi. Usipomwambia, ataendelea kuamini umechagua mnara, na hiyo itamuuma zaidi, kwa sababu si kweli. Na wewe utaingia kwenye kikao peke yako, mbele ya watu wenye faili lako, wakati yupo mtu mmoja anayeijua mashine ile na anakujua wewe.

Mwandiko usiujali. Sijazoea kukuambia la kufanya.

Chiriku


Bwenini, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Swali lako sitalijibu, na si kwa sababu sijui. Muulize mwenyewe. Ukishauliza, ngoja. Kimya kikiwa kirefu usikijaze na mvua.

Nakupenda. Usinikasirikie kwa muda mrefu.

Chiriku


Nyumbani, 27 Aprili

Mama Chiriku,

Leo uliniuliza, ukangoja, nami nikakuaga. Kwenye simu nimeshindwa. Watu wanadhani mtoto wetu aibu kaitoa hewani, kumbe kaitoa kwangu.

Mwezi wa Januari niliipandisha ndege kwenye kimo cha nyingine. Visanduku vyao vikawahi. Rubani aliponiambia anafuata mashine, sikunyamaza, nilimwambia ashuke. Ndege yake haikunisikiliza, ikapanda. Hiyo ndiyo sababu hakuna aliyekufa. Tangu siku hiyo sijakaa mbele ya skrini. Kikao ni tarehe 14 Mei.

Nilitaka kuja kwako, na kukutamani kulikuwepo, Mungu anajua. Lakini nilikuwa nakimbia pia, na nikakufanya wewe kuwa mahali pa kukimbilia. Nilitaka uone kwamba nimekupisha. Barua nilipoichukua sikuwa nimechagua mnara. Nilikuwa nimesikia unarudi, nikasahau hata kuogopa.

Ubishi wa mezani umeushinda wewe. Niliogopa kukuambia hilo kuliko ninavyowaogopa wale wa kikao.

Mimi nabaki hapa mpaka kikao kiishe. Hilo nimelisema na silibadili. Lako liseme wewe, nami nitachukua litakalobaki.

Baba Chiriku


Karakana, 4 Mei

Baba Chiriku,

Nimeisoma nyumbani, kisha nikaisoma tena kazini. Vijana wakaniuliza nina nini, nikasema mchanga umeniingia machoni. Karakana yetu ina sakafu ya saruji.

Nimekasirika, na nimekasirikia kitu kimoja tu: miezi yote hiyo ulikuwa unaniuliza kama huku imenyesha.

Ubishi wa mezani sijaushinda. Mashine ile haina akili kuliko wewe. Iliwahi, basi. Ile kanuni ya kunyamaza ingekuwa rahisi, isingehitaji kuandikwa. Iliandikwa kwa sababu watu wazuri, waliokomaa kazini, wakiogopa kwa ajili ya wengine hawanyamazi. Ndiyo maana tunaiunganisha na usukani. Miaka mitatu nimekaa huku natengeneza kitu kwa ajili ya siku kama ile, na kichwani mwangu aliyekosea alikuwa daima mtu nisiyemjua. Kumbe ningeweza kufanya kazi hii nikikufikiria wewe. Ningeifanya vizuri zaidi.

Kikaoni waambie kama ulivyoniambia mimi, kwa maneno hayohayo, bila kupunguza lile la "shuka". Wakikuondoa kazini, wamekuondoa. Wakikurudisha darasani kwanza, utakwenda, na wale vijana wako watapata cha kuigiza.

Nimeomba likizo. Sijaacha kazi, elewa hilo, na wewe usiache kitu. Nafika tarehe 12. Siku ya kikao nitakaa nje ya mlango mpaka utoke. Nani ahame, tutazungumza baada ya hapo, kwa midomo yetu.

Usije kunipokea stendi. Kaa nyumbani. Hapohapo ulipo, usisogee.

Mama Chiriku


Bwenini, 24 Mei

Baba na Mama,

Shikamoo. Safari hii nimeandika moja tu, na naituma nyumbani. Kama Mama hayupo, Baba amsomee.

Tangu nilipojiuzulu sijapata barua ya yeyote kati yenu. Ijumaa matroni akigawa barua, Redio anapata rundo, mimi napata huruma. Tarehe 14 ilipita nikiwa kwenye mtihani wa hesabu, nikaandika jibu moja mara mbili na jingine nikaliruka. Nilitaka sana kuuliza. Kalamu nilikuwa nayo. Nikaiweka chini.

Juzi matroni akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo, kwa nini siku hizi hawaniandikii. Nikamtazama usoni, nikamjibu sentensi nzima, kwa sauti: "Nadhani wanaongea."

Sina hakika. Kama mmenyamaza kwa sababu mmegombana, mtaniambia shule ikifungwa, nitavumilia. Kama mmenyamaza kwa sababu mnaongea, basi msikatishe kwa ajili yangu.

Ila sabuni ya kufulia imeniishia na naazima kwa Redio, ambaye kila kipande anakitangazia bweni zima. Naomba mmoja wenu anitumie. Mmoja tu. Elewaneni kwanza ni nani.

Chiriku